Fonti ya mwandiko wa mama: shida ya herufi a

Wiki ya tatu. Nimechapa lebo ya kwanza ya achari kwa fonti niliyoichora kutokana na mwandiko wa mama. Kwa mbali ilipendeza. Nilipoisogeza karibu na macho, mstari wa "Imeandaliwa nyumbani, Tanga" ulinivunja moyo: a sita, zote pacha, kila moja na mkia uleule. Mkono wa mtu hauandiki hivyo.

Fonti nyingi za mwandiko zimefikiriwa kwa Kiingereza, ndiyo maana huja na herufi za ziada za ll, tt na oo, ili herufi mbili zinazofuatana zisiwe pacha. Sisi tt hatuna kabisa. Shida yetu ni a, inayorudi kila baada ya konsonanti moja au mbili, kisha ikafunga neno.

Nikarudi kwa mama na karatasi. Mara ya kwanza nilimwomba alfabeti, akaniandikia herufi zilizonyooka kama za ubaoni. Safari hii nikamwambia, "Mama, niandikie tu orodha ya sokoni." Akaandika haraka: maembe mabichi, bizari, kitunguu saumu, siki, haradali. Hilo haradali peke yake lilinipa a tatu tofauti: ya kwanza imefumba vizuri, ya pili imeachia mdomo juu, na ya tatu, kwa kuwa mkono umeshakaribia mwisho wa neno, haina mkia. Nikaziskani, nikazifuatisha kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nikaziingiza FontForge, programu ya kutengenezea fonti.

Kisha nikaandika kanuni ndani ya fonti yenyewe: a ya mwisho wa neno ichukue umbo lisilo na mkia, za katikati zipokezane. Sasa "Imeandaliwa" ina a tatu za sura tatu. Nimelitazama neno hilo jioni nzima.

Jambo la kuangalia: programu ya kuandikia niliyojaribia haikuifuata kanuni mpaka nilipoiwasha kwenye mipangilio ya fonti. Nikipeleka kwa mchapaji, nitabadili maandishi yawe michoro kwanza.

Viungo na tarehe ya kuisha nimeviandika kwa fonti ya kawaida. Nilijaribu mwandiko kwa ukubwa wa 7, "siki" ikasomeka "sili". Mteja mwenye mzio hawezi kubahatisha. Vincent Connare alipochora fonti ya Comic Sans mwaka 1994, alikuwa akifikiria maneno ya mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft. Fonti hiyo ilianza kuchukiwa ilipobandikwa kwenye matangazo mazito. Mwandiko wa mama nautaka kwenye jina la achari na salamu kwa mteja, basi.

Bado: ule mkato wa juu kwenye ng' unaacha pengo kubwa, na lebo ya samli ya ng'ombe inausubiri. Herufi h nayo imekakamaa. Kesho nitamwomba mama orodha nyingine, safari hii yenye hiliki na hamira.