Chenji ya yeni 3,000

Leo siku ya nne, na bado naiona mikono ya yule mzee akinirudishia chenji.

Magoti ya bosi yanamsumbua, kwa hiyo Jumapili tarehe 17 Novemba alinituma mimi Asakusa, mtaa wa Tokyo, kwenye Tori no Ichi, soko la siku ya jogoo katika kalenda ya kale, nikanunue kumade ya ofisi. Ni reki ya mianzi iliyopambwa, ya kukokota riziki iingie ndani. Kila Novemba unairudisha ya zamani na kuchukua iliyo kubwa kidogo. Yetu huning'inia juu ya mlango, tunapopitia kwenda kukagua magari tunayosafirisha Dar na Mombasa, na mimi huitazama kila asubuhi.

Pale hekalu la Otori nilichagua yenye uso mdogo mweupe wa Okame, yule mwanamke wa bahati, mashavu yamejaa kama kaficha andazi, na visarafu vya dhahabu vinavyotikisika ukivipumulia.

"Elfu kumi na tano," akasema mzee.

"Nipunguzie, mzee wangu."

"Kumi na nne."

"Kumi na mbili, tumalizane."

Akacheka, akakubali. Nikampa 15,000. Wenzake wakasogea, mikono tayari kwa yale makofi ya kumwombea mnunuzi heri. Nami nikanyoosha kiganja. Pakawa kimya, kidogo tu. Akafungua mkoba wa kiunoni, akahesabu noti 3, akanipa kwa mikono miwili, akainama.

Jumatatu mama wa uhasibu akaniuliza, "Ulimwachia ngapi?"

"Nimwachie nini?"

Akaweka kikombe chini. Akanieleza taratibu: unapatana bei mpaka ishuke, halafu unalipa ileile ya kwanza. Kilichopungua ni pongezi ya muuzaji. Ndio uungwana wa watu wa Edo, yaani Tokyo ya kale, tangu zamani.

Bosi nilipomkabidhi zile 3,000 alisema asante tu. Nadhani aliona haya kunisahihisha. Na mimi nilizitoa kwa fahari, maana Kariakoo Mama alinifundisha kuhesabu chenji mbele ya muuzaji, senti kwa senti, ni jasho la Baba. "Nimwachie nini?" Nalisikia swali langu hata nikiosha vyombo. Viza imetoka, mdogo wangu kavishwa pete Morogoro, meli imeondoka Yokohama, na mimi niko palepale na kiganja changu.

Jana usiku ndipo nikakumbuka kitu. Wale watu walipiga makofi yote. Hawakunipunguzia hata moja. Waliita kwa sauti kubwa biashara yetu istawi, na nyumbani kuwe salama, vilevile kama walivyomwitia aliyenitangulia.

Na mwaka huu wa 2024 siku za jogoo ni 3: tarehe 5, 17 na 29. Tokyo wanasema mwaka wa jogoo watatu moto huwa mwingi, watu wanakuwa waangalifu na majiko. Mimi nimefurahi mpaka nimelala vizuri. Tarehe 29 ni Ijumaa. Nimeshaomba ruhusa, na 3,000 zangu mwenyewe ziko kwenye bahasha mpya. Nitamwambia, "Mzee, nimekuletea pongezi yako. Nisamehe nimechelewa."

Nilimpigia Mama kumweleza. "Nenda mwanangu," akasema, kisha akakohoa, akaondoa simu mdomoni, akakohoa tena. Kikohozi kile alichoniambia kimeisha tangu Oktoba. Nilipomuuliza, akaniuliza yeye habari za baridi ya huku.