Siku moja kwenye chumba cha kupima macho

Saa 2:00 asubuhi. Kadi ya kwanza ni uchunguzi wa kujua kama mtoto anahitaji mazoezi ya macho. Huo hauna haraka: saa mbili zinaweza kuisha.

Saa 2:20. "Shikamoo daktari." "Marahaba mwanangu, kaa." Binti wa darasa la tano anasoma ubao wa herufi mpaka 6/6, yaani kuona mbali kwa kawaida, bila kukwama. Mama ananitazama: sasa tumefuata nini hapa? Ubao unapima kuona mbali, tena jicho mojamoja. Daftari husomwa karibu, kwa macho mawili. Namuuliza mtoto, maana wazazi hupenda kujibu wao: kichwa kinauma ukisoma? Maandishi yanacheza? Unaruka mistari?

Saa 2:50. Naziba jicho moja, nalifunua, linarudi ndani kidogo. Nachukua kalamu, naisogeza taratibu kuelekea puani. "Ukiona mbili, sema." "Mbili!" Sentimita 14. Wengi hufika 6 au karibu zaidi. Narudia, na jicho la kushoto linaachia, linakwenda zake nje. Mama ameliona mwenyewe. Kisha miwani myeusi na picha ya nzi, anayeonekana ameinuka kwa anayetumia macho yote mawili: binti anambana bawa hewani, anacheka.

Saa 3:30. Matone ya macho. Yanawasha, na simdanganyi mtoto. Wanasubiri nje zaidi ya nusu saa mpaka mboni zitanuke, nipime namba ya miwani bila jicho kujikaza. Mjue mapema: leteni kofia, na leo msitegemee kazi za shule.

Saa 4:30. Namweleza mama: macho yanashindwa kukutana vizuri kwa karibu. Mazoezi husaidia. Utafiti wa Marekani wa 2008, wenye watoto 221, uliona karibu robo tatu ya waliofanya mazoezi kliniki na nyumbani kwa wiki 12 wakipata nafuu. "Kwa hiyo atafaulu?" Hapo sikubali kuahidi. Utafiti mwingine wa 2019 haukuona mazoezi yakiinua ufahamu wa kusoma kuliko mazoezi ya kuzugia, yale ya kulinganishia tu yasiyotibu. Anayeyauza kama dawa ya disleksia, ugumu wa kujifunza kusoma, mimi simwamini. Akiendelea kuchanganya herufi, aonwe na mwalimu wa elimu maalumu.

Saa 8:00 mchana. Mtoto wa miaka mitano, kengeza. Miwani kwanza, kiraka cha kuziba jicho tutakiongelea akirudi.

Saa 11:00 jioni. Simu ya mama wa asubuhi: "Daktari, bado haoni karibu!" Matone hayo, mama. Kesho yatakuwa yamekwisha.