Vipele vya kinena vilinitesa karibu mwaka mzima

Kila nikinyoa, siku ya pili tu kinena kinaota vipele: vigumu, vinawasha, vingine vina usaha, na vikipona vinaacha mabaka meusi. Shoga yangu aliniambia waziwazi kuwa huo ni ugonjwa wa zinaa. Mwingine akanishauri nipake ndimu. Nilipaka. Moto ule sitausahau.

Lakini kilichoniumiza kweli ni krimu. Nilieleza shida yangu dukani kwa kunong'ona, muuzaji akanipa tyubu ya elfu tatu hivi bila kuniuliza hata swali moja. Siku chache vipele vikanywea, nikafurahi, nikaendelea kupaka wiki baada ya wiki. Nilipoacha vikarudi kwa kishindo, na pajani nikabaki na michirizi niliyo nayo hadi leo. Kumbe mle mna steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo ikizidi huharibu ngozi, na ngozi ya kinena ni nyembamba, inafyonza dawa kuliko ngozi ya mkono. Muuzaji alipaswa kuniambia.

Muuguzi mmoja wa zahanati ndiye aliyenifumbua macho. Alimulika tochi, akanipa kioo: "Mwanangu, tazama mwenyewe." Ndani ya kipele niliona unywele mweusi umejikunja chini ya ngozi. Nywele zetu za kipilipili ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali, inajipinda na kurudi kuchoma ngozi. Nami nilikuwa navuta ngozi, nanyoa kinyume na nywele zinakoelekea, tena kwa kinyoleo cha nyembe tatu, ili pawe laini!

Nikaacha kunyoa mwezi mzima. Kwa sisi Waislamu tuliofundishwa siku 40 zisipite bila kunyoa, bado nilikuwa ndani ya hesabu. Kila jioni nilikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10. Unywele ukichomoza kama kitanzi, niliuinua taratibu kwa sindano iliyochemshwa, bila kuung'oa wala kuminya kipele. Sasa napunguza kwa mashine tu, nabakiza nywele fupi, na chupi zangu ni za pamba.

Ukiona malengelenge yanayouma, kidonda, au jipu linalokua na homa juu, usikande, nenda kapimwe.

Yule shoga yangu nilimpeleka mwenyewe kwa muuguzi yule yule. Naye alikuwa navyo, kavificha miaka miwili.