Nilivyoitambua primula ya Uskoti: msidanganywe na rangi

Naanza na ushauri mbovu maana ndio ulioniumiza. Nilipohamia Inverness, mji wa kaskazini mwa Uskoti, kikazi nilimwambia jamaa mmoja, mtembea milima wa siku nyingi, kwamba natamani kuiona Primula scotica, ile primula ya Uskoti, ua dogo la porini ambalo duniani kote inaota pwani ya kaskazini ya Uskoti na visiwa vya Orkney tu, basi. Akasema kazi rahisi, kaua kadogo ka zambarau, majani yamelala chini kwa duara, ukikaona umekapata. Nikamwamini.

Wiki ya mwisho ya Juni nikaenda upande wa Thurso, kule pwani ya kaskazini, nikatembea juu ya majabali tangu asubuhi, upepo wa bahari unakusukuma mpaka machozi yanakutoka. Mchana hivi nikaona kaua ka zambarau penye chepechepe, majani duara yamelala chini kabisa, vilevile alivyosema. Nikapiga picha kama arobaini! Usiku chumbani nikawa nazivuta moja moja kwenye simu, nikaona majani ni ya kijani cha kupauka, karibu na njano, yanameremeta kama yamepakwa ute, na juu yake kuna vijidudu vitatu vimenata vimekufa. Nikaliangalia ua ubavuni, lina mkia umechongoka kwa nyuma. Roho ikaniuma sana. Ile ni Pinguicula, mmea unaonasa wadudu na kuwala, hauna undugu wa karibu na primula. Na kumbe hata tarehe nilikosea, primula hii inachanua mara mbili, Mei na Juni, halafu tena Julai na Agosti, mimi nikaingia pale katikati ambapo maua ni ya kubahatisha.

Yale majani yakanikumbusha Mama. Sisi wa Lushoto tumekulia kwenye kabichi, na Mama hapiti tuta bila kugeuza jani, anasema mwanangu ugonjwa unaanzia chini ya jani, huku juu unadanganywa. Nikajiapia safari ya pili nageuza kila jani.

Agosti nikapanda feri ya Scrabster, bandari ya karibu na Thurso, kwenda Stromness kwenye visiwa vya Orkney, kama saa moja na nusu, feri na basi na chumba usiku mmoja vilikula pauni mia mbili na kidogo hivi. Nikaenda Yesnaby, kwenye majabali ya pwani hukohuko Orkney. Pale nyasi ni fupi kama zulia, kondoo wanakula na upepo wa chumvi unamalizia, na ndo maana primula inaishi, nyasi zikirefuka tu inafunikwa. Ukisimama huoni kitu. Nikalala kifudifudi. Ndipo nikaiona, kikonyo hakifiki urefu wa kidole gumba, ua dogo kuliko kifungo cha shati, zambarau iliyokolea na jicho la njano katikati. Nikainua jani kwa ncha ya kidole: chini jeupe, limejaa unga, na kidole kikabaki na weupe kama nimegusa unga wa muhogo.

Nikaipiga picha, apu ya simu ikaniambia ni Primula farinosa. Hapo nilikasirika kweli. Farinosa ni ndugu yake wa kaskazini mwa England, naye ana unga, kwa hiyo unga peke yake hautoshi. Lakini farinosa jani lake lina vimeno pembeni, la scotica ni laini mzunguko mzima na pana katikati, na petali za farinosa ni za waridi zenye nafasi kati yake, za scotica zinagusana.

Ujanja nilioupenda zaidi ni wa lenzi ya kukuzia. Farinosa zina aina mbili za maua: mmea mmoja ukichungulia mdomo wa ua unaona kichwa cha stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) kama kichwa cha pini, mwingine unaona vifuko vya chavua. Scotica zote ni moja, stigma na vifuko viko usawa mmoja, ndo maana inaweza kujichavusha yenyewe. Nilichungulia maua kumi na mawili bila kuchuma hata moja, yote sawa! (Msing'oe jamani, kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kisheria kule.) Kuna ndugu mwingine, Primula scandinavica, anafanana sana na huyu, ila yeye ni wa Norwe na Uswidi.

Na wanaoniambia primula hii ni ndugu wa yale maua ya zambarau ya kwetu Usambara yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, hapana, ile ni familia nyingine kabisa.

Jioni nikamtumia Mama picha ya ua. Akajibu, "Zuri mwanangu. Chini ya jani kukoje?" Nikamtumia ya kidole.