Ratiba ya Kusanifu Kitabu cha Kwanza

Nilipokuwa nikiandaa kitabu changu cha kwanza, niliagiza jalada likamilishwe kabla ya kurasa za ndani, nikaishia kulilipia mara mbili. Kosa lilikuwa langu: upana wa mgongo wa kitabu hutokana na idadi ya kurasa na unene wa karatasi, na idadi hiyo haijulikani kwa hakika mpaka mpangaji wa kurasa amalize kazi yake. Upande wa mbele unaweza kubuniwa mapema; mgongo husubiri.

Tangu hapo ratiba yangu huanzia siku ya kumpelekea mchapaji faili na kuhesabiwa kurudi nyuma, na mswada hufungwa kabla ya upangaji kuanza, kwa kuwa aya moja ikiongezwa katika sura ya pili inaweza kusukuma kurasa zote zinazofuata na kuvuruga faharasa, yaani orodha ya mada na namba za kurasa zinamopatikana, ambayo kwa sababu hiyohiyo huandaliwa mwishoni. Prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa, huzisoma mara mbili, nikiacha katikati siku kadhaa za kupumzisha macho (waandishi wapya huziona kuwa anasa). Picha huzikusanya mapema, zikiwa na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapishwa.