Kutuma fimbo ya kuvulia kutoka Dodoma bila gharama kukuumiza

Sisi wa ndoano huku Dodoma wikiendi utatukuta bwawa la Hombolo, na wenye nafasi wanaunga mpaka bwawa la Mtera kutafuta perege na kambale, ila fimbo zenyewe nyingi tunanunua Dar au tunaagiza nje kabisa. Sasa ikivunjika, au ikifika ina hitilafu, hapo ndo shughuli ya kuirudisha dukani au kwa fundi inaanza, maana mpaka Dar ni kama kilomita 450 na fimbo ni kitu kirefu, chepesi, na kikikaliwa na gunia basi tena. Naona watu wengi wanakata tamaa wanaitupa uvunguni na inaniuma kweli, kwa sababu kuituma siyo lazima iwe ghali.

Kitu cha kuelewa ni kwamba fimbo hulipii uzito, unalipia nafasi inayokula. Fimbo nyingi za futi 7 hazifiki hata robo kilo, lakini kampuni za vifurushi za kimataifa zinapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita halafu zinagawanya kwa 5000, jibu ndo kilo, na likizidi uzito wa kwenye mzani unalipia hilo kubwa. Piga hesabu mwenyewe, fimbo ya vipande viwili ukiiweka kwenye boksi la sm 115 kwa 20 kwa 15 ni 34,500, gawanya unapata kilo 6.9, yaani unalipia karibu kilo saba za hewa! Fimbo hiyohiyo ukiiweka kwenye bomba la urefu uleule lenye kipenyo cha sm 8, yaani 115 kwa 8 kwa 8, inakuwa 7,360, sawa na kilo moja na nusu hivi. Kitu ni kilekile, mlango ni uleule, tofauti ni ulivyofunga tu.

Na kwenye basi mambo ni hayohayo, hakuna fomula lakini wakala pale stendi anaupima mzigo kwa macho, akiona boksi kubwa anataja bei ya boksi kubwa, akiona bomba jembamba la kusimamisha pembeni mnaelewana vizuri. Kwa hiyo usiende na fimbo imefungwa kwenye kiroba, utalipia na bado itavunjika.

Bomba ninalosema ni la PVC la maji taka, inchi 2 au inchi 3, unalipata duka lolote la vifaa vya ujenzi, mengine hata sio lazima ununue zima, kwa mafundi wa nyumba zinazojengwa huku Ilazo na Kisasa vipande vinabaki tu unaomba. Kata sm tano hivi zaidi ya kipande kirefu cha fimbo. Toa rili kwanza, yaani kile kidude cha kukunjia mshipi, usiitume kabisa kama tatizo sio rili, maana ndo nzito na ndo inafanya fimbo isiingie kwenye bomba. Vipande vifunge pamoja kwa tambara laini, ringi zile mshipi unapopita zisigusane, ncha iangalie upande wenye sponji nyingi, huku na huku ziba kwa mfuniko na solotepu mpaka ukitikisa usisikie kitu kinacheza. Jina na namba ya simu ya mpokeaji andika kwa makapeni juu ya bomba lenyewe, karatasi inabanduka njiani. Kwenye basi chukua risiti, namba ya gari na simu ya kondakta, piga picha vyote umtumie anayepokea.

Kama unatuma nje kwa EMS, ile huduma ya haraka ya Posta, kumbuka kiwango chao cha kawaida, urefu usizidi mita 1.5, na urefu ukijumlisha na mzunguko wa kifurushi usizidi mita 3. Fimbo ya vipande viwili inapita vizuri, ila ile ya kipande kimoja ya futi 7 ni sm 213, hiyo haipiti, na ndo maana mi nikiulizwa na mtu wa huku anunue ipi namwambia ya vipande viwili au vitatu, siku ya kuirudisha atashukuru.

Ila kabla hujatuma chochote, jamani, iangalie vizuri kama kweli inahitaji kusafiri. Ikiwa mshipi unakatikakatika chukua pamba upitishe ndani ya kila ringi, ikinasa basi ringi ina ufa, na ringi au ncha ni kitu cha kuagiza peke yake kinakuja kwenye bahasha. Ncha ikikatika juu kabisa unapasha moto taratibu kile chuma cha ringi ya nchani, chuma tu usiguse kaboni, yaani mwili wa fimbo wenyewe, gundi ya zamani inalegea, unaweka mpya kwa gundi ya kuyeyusha. Iliyovunjika katikati ndo kazi ya fundi mwenye ujuzi, na hapo linganisha nauli ya kwenda na kurudi na bei ya fimbo mpya.

Kwa kurudisha dukani, ongea nao kwanza kwa maandishi. Kuna duka moja lilimwambia rafiki yangu atume fimbo nzima, baada ya kuituma ndo wanasema walikuwa wanataka kipande cha juu tu, na nauli hawakumrudishia. Inaudhi sana. Waulize wanataka nini hasa, nani analipa kwenda, nani analipa kurudi, na kama picha ya pale palipovunjika pamoja na risiti vinatosha, maana wengine vinawatosha kabisa wanakutumia kipande kipya. Na ukituma, mwambie fundi asitupe bomba, arudishe fimbo ndani ya bomba hilohilo, asije akakufungia boksi jipya na wewe ndo unalipia.