Kutoka "en" hadi "at", "on" na "in": nilivyowafundisha Kiingereza wazungumzaji wa Kihispania

Kwa muda wa miaka miwili, kila Jumanne na Alhamisi jioni, nilijitolea kuwafundisha Kiingereza watu wazima katika mtaa wa Pilsen, jijini Chicago, ambako wakazi wengi wana asili ya Meksiko. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kiingereza nilikipata shuleni na Kihispania nilijifunza ukubwani, kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa kusoma. Wanafunzi wangu walikuwa wapishi, mafundi wa kuezeka paa, wasafishaji wa ofisi na akina mama wenye watoto wadogo. Walifika darasani wamechoka, na hawakuwa na subira na sarufi isiyowafaa kazini kesho yake. Nilitarajia kwamba nyakati za vitenzi ndizo zingetusumbua, lakini vilivyotushinda kwa muda mrefu zaidi vilikuwa vihusishi vitatu vifupi kuliko maneno yote tuliyoandika ubaoni: "at", "on" na "in".

Tatizo lilianzia kwenye neno moja la Kihispania, "en". Ufunguo ulio juu ya meza uko "en la mesa", ulio ndani ya droo uko "en el cajón", na mtu ambaye hakutoka leo yuko "en casa". Kiingereza hakikubali neno moja lifanye kazi zote hizo: kinataka "on the table", "in the drawer" na "at home". Sisi Waswahili hatuna haki ya kuwashangaa wazungumzaji wa Kihispania, kwa sababu kiambishi chetu -ni kina tabia ileile. Husema mezani, drooni na nyumbani, na msikilizaji huelewa mwenyewe kama kitu kiko juu, ndani au mahali hapo tu. Kwa hiyo wanafunzi walichagua "in", kwa kuwa ndilo linalofanana na "en" kwa sauti, wakalitumia kila mahali: "in the table", "in Monday", "in the night".

Nilianza kwa kuwachorea ile piramidi ambayo walimu wengi wa Kiingereza wanaijua, yenye "in" juu kwenye upana, "on" katikati na "at" kwenye ncha ya chini. Maelezo yake ni kwamba "in" ni ya mahali pakubwa na muda mrefu, "on" ni ya mahali na muda wa kati, na "at" ni ya mahali padogo na saa kamili. Darasa liliipenda sana, wakainakili kwa rangi, na wiki mbili baadaye kila mmoja aliweza kuikariri. Ndipo nilipomuuliza kijana mmoja kutoka Guatemala simu yake iko wapi, naye akaitazama ikiwa mbele yake, akanijibu bila wasiwasi: "In the table."

Nilikasirika kidogo, halafu nikagundua kwamba kosa lilikuwa langu. Piramidi hupanga mambo kwa ukubwa, ilhali Kiingereza hakiulizi ukubwa. Uwanja wa ndege wa O'Hare ni miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa vya Marekani, lakini mtu anayekusubiri pale atasema yuko "at O'Hare". Teksi ni ndogo, lakini aliyeketi ndani yake yuko "in a taxi". Kiingereza humtaka msemaji aamue jinsi anavyokitazama mahali: kama nukta kwenye ramani, kama uso au mstari ambao kitu kimegusana nao, au kama chombo chenye kuta. Uwanja wa ndege ukitajwa kama kituo cha safari, ni nukta. Mtu akianza kusimulia jinsi alivyopotea ndani ya majengo yake, uwanja huohuo unageuka chombo, na "in" inarudi.

Jambo hilo nililielewa kwa kupitia Kiswahili. Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba -ni yetu haifanyi kazi peke yake, kwani nyuma yake kuna ngeli tatu za mahali, PA, KU na MU, na msemaji hulazimika kuchagua kati ya yupo, yuko na yumo. Yupo nyumbani, yuko nyumbani na yumo nyumbani si kauli moja, ijapokuwa nyumba ni ileile. Sitadai kwamba PA ni sawa na "at" wala kwamba MU hulingana na "in" kila mara, na kwa "on" hatuna ngeli kabisa, bali tunaazima juu ya. Hata hivyo, mazoea ya kujiuliza namna ya kukitazama mahali kabla ya kusema nilikuwa nayo tangu utotoni bila kujijua. Kihispania hakina ngeli hizo, kwa hiyo nililazimika kutafuta mahali pengine ambapo lugha yao wenyewe inawataka wachague.

Nilipapata kwenye kona. Kihispania kina majina mawili: "esquina" ni kona ya nje, ile ya mitaa miwili inapokutana, na "rincón" ni kona ya ndani, pale unapoweka ufagio. Kiingereza kina jina moja, "corner", na kazi ya kutofautisha kimekiachia kihusishi, yaani "in the corner" kwa rincón na "on the corner" au "at the corner" kwa esquina. Niliwasimamisha wanafunzi wawili, mmoja kwenye pembe ya chumba na mwingine dirishani akielekeza kidole barabarani, nikawaambia wengine waseme kwanza kwa Kihispania na kisha kwa Kiingereza. Mama mmoja mpishi, mzaliwa wa jimbo la Puebla, aliyekuwa akininyamazia kwa heshima muda wote huo, alipiga meza akasema kwamba basi Waingereza wameihamisha tofauti kutoka kwenye jina wakaiweka kwenye kile kineno kidogo. Sikuwahi kulieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye.

Kuanzia hapo nilifuta piramidi, nikachora nukta, mstari na sanduku, na tukaanza kuitumia anwani ya mtaa wenyewe. Tunaishi "in Pilsen", kwa sababu mtaa una mipaka na sisi tumo ndani yake. Duka liko "on 18th Street", kwa sababu barabara ni mstari na duka limeegemea hapo. Basi linasimama "at 18th and Ashland", kwa sababu makutano ya barabara mbili ni nukta. Kila mwanafunzi aliandika sentensi tano tu, lakini zilikuwa za kweli kuhusu maisha yake: anapoishi, anapofanya kazi, mahali pa miadi yake ijayo, anapochukulia watoto na alipoacha kitu kikapotea. Sentensi za kubuni za vitabuni, kama ile ya paka aliye chini ya kiti, niliziacha kabisa, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa na paka.

Usafiri ulituchukua jioni nzima. Mtu yuko "in the car" na "in a taxi", lakini yuko "on the bus", "on the train" na "on the plane". Maelezo yanayofaa kwa vyombo vingi ni kwamba chombo ambacho abiria anaweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on", na kile anachoingia kwa kuinama na kuketi huchukua "in". Baiskeli na farasi nao huchukua "on", kwa sababu mpandaji yuko juu yake waziwazi. Wanafunzi wa Meksiko walikuwa na mtego wa ziada, kwani kwao "camión" ni basi la abiria na pia ni lori, na kijana mmoja alitueleza kwa masikitiko kwamba amesahau begi lake "in the truck". Tulianza kumuuliza ni lori la nani, kabla hajatuambia lilikuwa basi la jiji.

Wakati ulikuwa mgumu zaidi kuliko mahali, kwa sababu kwenye siku za wiki Kihispania hakitumii kihusishi chochote. Husema "el lunes", kwa kitambulishi tu, na kwa hiyo mwanafunzi husema "I work the Monday" au, akikumbuka kwamba Kiingereza kinataka kitu fulani, "in Monday". Nilichagua tarehe ambayo kila Mmeksiko anaijua. Uasi wa padri Miguel Hidalgo katika mji wa Dolores ulianza "in 1810", "in September", "on September 16", alfajiri, nao wanauadhimisha "on the night of September 15", rais anapopiga ile kelele maarufu ya uhuru "at eleven" au karibu na hapo. Mimi nami niliwaandikia tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, wakaipanga vivyo hivyo. Tukio hilo la Dolores lilitupa kanuni ambayo piramidi ilikuwa imeificha: siku ikitajwa, hutawala kila kilicho chini yake isipokuwa saa. Ni "in the morning", lakini ni "on Monday morning". Ni "at night", lakini ni "on the night of September 15".

Kuhusu "at night" sikutoa sababu. Wameksiko husema "en la mañana" na "en la noche", kwa hiyo "in the morning" huwatoka sahihi kwa bahati tu, na bahati hiyohiyo huwapeleka kwenye "in the night". Niliwaambia wakariri sehemu nne za siku kwa pamoja kama wimbo, na kwamba ya mwisho haifanani na wenzake. Nina hakika kwamba mwalimu anayetafuta mantiki kwa kila kihusishi huishia kuitunga, na mwanafunzi mtu mzima huutambua uongo huo upesi.

Aibu yangu ilikuja kwa "at the weekend". Hivyo ndivyo nilivyofundishwa Tanga, kwa Kiingereza cha Uingereza, nami nikakiandika ubaoni bila kufikiri. Wiki iliyofuata fundi mmoja wa paa aliniambia kwa upole, akiniita "maestro" kama kawaida yake, kwamba binti yake wa darasa la nne amemcheka na kumwambia kwamba huyo mwalimu wake hajui Kiingereza. Marekani husema "on the weekend", na binti alikuwa sahihi kwa nchi anayoishi. Nilimwomba baba ampelekee salamu na shukrani, na tangu siku hiyo niliuliza kwanza wanavyosema watu wa Chicago kabla ya kuandika jambo lolote.

Lakini kihusishi kilichotugharimu zaidi hakikuwa miongoni mwa vile vitatu. Mama wa Puebla alimweleza mwenzake wa jikoni, kwa Kiingereza, kwamba zahanati fulani "opens until ten". Mwenzake alielewa kuwa iko wazi hadi saa nne, akaenda saa mbili asubuhi na mtoto mgonjwa, akakuta mlango umefungwa, akangoja kwenye baridi saa mbili nzima. Mama hakukosea kwa uvivu. Katika Kihispania cha Meksiko, "abre hasta las diez" huweza kumaanisha haifunguliwi mpaka saa nne, ijapokuwa kikanushi hakikutajwa, na msemaji wa Hispania mwenyewe angeweza kupotea hapo kama alivyopotea yule mwenzake. Tulitumia jioni mbili kwa sentensi za aina ya "it doesn't open until ten", kikanushi na "until" vikifungwa pamoja kama ng'ombe wa nira moja.

Katika jioni hizo niliwasimulia jambo ambalo hadi leo hunifurahisha. "Hasta" yao imetokana na neno la Kiarabu "hatta", lililoingia Hispania enzi za utawala wa Waislamu ulioanza mwaka 711, na neno hilohilo ndilo lililotuzalia "hata" sisi watu wa pwani. Wazee wetu walisema akangoja hata asubuhi, kwa maana ya mpaka asubuhi, nasi tunasema hata mtoto anajua. Wao husema "hasta mañana" na pia "hasta un niño lo sabe". Maana zote mbili ziko kwao na kwetu, lakini Kiingereza kimezigawa kati ya "until" na "even". Mama wa Puebla aliniuliza kwa nini basi sisi wawili hatufundishani Kiswahili na Kihispania tukaachana na Kiingereza, na sikuwa na jibu zuri.

"By" tuliimaliza haraka zaidi. Wao husema "para el viernes", kwa hiyo huandika "for Friday". Nilipata tafsiri bora kwetu kuliko kwao, kwani ifikapo Ijumaa ndiyo "by Friday" hasa, na hadi Ijumaa ndiyo "until Friday". "Since five years", inayotokana na "desde hace", niliirekebisha kwa kuwataka wataje mwaka waliofika kwa "since" na idadi ya miaka kwa "for", kila mmoja kwa hesabu yake halisi.

"Arrive to" sikuiweza. Kihispania husema "llegar a", na haijalishi niliandika mara ngapi kwamba mtu hufika "in" jijini, "at" kituoni, na nyumbani hufika bila kihusishi chochote. Ile "to" ilirudi kila wiki. Alhamisi moja ya Februari, theluji ikianguka, nilipokea ujumbe kutoka kwa mama wa Puebla: "Teacher, I am on the bus, at 18th and Ashland. I arrive to class in ten minutes." Niliusoma mara mbili, nikawasomea wenzake kwa sauti, nikamjibu kwamba tunamngoja.